Mali ya Marehemu Mikononi mwa Msimamizi

  



Yapo mashauri yanayofikishwa mahakamani na watu wasiojuana, waliokutana njiani wakagombana, na kesi ikiisha kila mmoja hushika njia yake. Kesi ya mirathi si ya namna hiyo. Wadai na wadaiwa wake ni watoto walionyonya ziwa moja, waliolala mkeka mmoja, na ambao mwezi uliopita walisimama bega kwa bega kaburini wakimwagia udongo baba yao. Kesi hiyo ikiisha, hawana njia mbili za kushika; wote hurudi mji ule ule na kuteka maji kisima kile kile.

Leo tutazame historia ya jambo hili katika nchi ya Ziwa, na hasa Sengerema, wilaya iliyomegwa kutoka Geita mwaka 1975. Kwa miaka mingi mtu wa Sengerema aliyetaka kufika Mahakama Kuu mjini Mwanza ilimbidi avuke Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, ama kutoka Busisi kwenda Kigongo, ama kwa njia ya Kamanga. Katika vivuko hivyo walipita wauza samaki, wagonjwa, wanafunzi, na pia ndugu wa tumbo moja, huyu amekaa mbele na yule nyuma, kila mmoja na bahasha yake ya rufaa kwapani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, lenye urefu upatao kilometa 3, na safari iliyokuwa ya kungoja kivuko imekuwa ya dakika chache. Mashauri yenyewe hayakufupishwa na daraja.

Kabla ya serikali za kigeni, katika nchi za Wasukuma na Wazinza mali kubwa ilikuwa ng'ombe, na swali la kwanza la mirathi halikuwa “nani mtoto wa marehemu?” bali “mahari ya mama yake yalilipwa?” Kwa Wasukuma, mtoto aliyezaliwa katika ndoa ya ng'ombe alikuwa wa ukoo wa baba na alirithi huko, aliyezaliwa bila ng'ombe kutoka alikuwa wa ukoo wa mama, na urithi wake ulikuwa kwa wajomba. Magomvi yalisikilizwa na wazee wa kijiji, wale waitwao banamhala, na yakiwashinda yalifika kwa mtemi. Desturi hizi ziliandikwa baadaye na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya Kiingereza, katika kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilichotoka mwaka 1953. Mambo yaliyokuwa yakijadiliwa na wazee na kubadilishwa kadiri ya haja yakawekwa katika vifungu, na kifungu hakijadiliwi kama mzee anavyojadiliwa.

Uislamu nao ulikuwa umekwisha kufika katika pwani ya kusini ya Ziwa. Stanley alipofika Kageyi mwezi Februari 1875, aliwakuta wafanya biashara wa Kiarabu wamekwisha tangulia, kwa njia ya misafara iliyopitia Unyanyembe. Pamoja na dini ilikuja elimu ya faraidhi, yaani elimu ya mafungu ya mirathi, ambayo huanza na swali jingine kabisa. Haiulizi ng'ombe wangapi walitoka; huuliza nikaha ilifungwa au haikufungwa. Hivyo katika familia moja ya Kisukuma iliyosilimu mkawa na vipimo viwili vya kumjua mrithi, na vipimo viwili katika nyumba moja ni kama mizani miwili katika duka moja.

Wakati wa Waingereza mahakama za wenyeji zilihukumu kwa mila, na maliwali, hasa katika pwani, walihukumu Waislamu kwa sheria yao. Baada ya uhuru serikali ilitaka mahakama ziwe za namna moja kwa raia wote. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaweka ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, kisha ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Maliwali na makadhi wa Bara wakakoma kuwa mahakimu. Sheria ya Kiislamu yenyewe haikufutwa. Katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu iliachwa itumike, ila atakayeitumia sasa ni hakimu wa serikali. Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, liliundwa mwaka 1968, na hata leo masheikhe wake huwakokotolea watu mafungu. Lakini kwa huku Bara mamlaka ya kumteua msimamizi wa mirathi yamebaki kwa mahakama.

Mwaka ule ule wa 1963 likatoka Tangazo la Serikali Namba 436, lililokusanya mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzifanya kanuni. Yatupasa kulifahamu tangazo hili, kwani limetajwa katika mahakama za Kanda ya Ziwa mara nyingi kupita kiasi. Kwa kanuni zake, mtoto wa kiume wa kwanza yumo daraja la kwanza na fungu lake ni kubwa kuliko yote. Ndugu zake wa kiume wamo daraja la pili. Mabinti wote wamo daraja la tatu. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Riziki yake ni kutunzwa na wanawe. Na msimamizi wa mali ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake, na wasipokuwapo, mwanamume mwingine wa ukoo.

Tuchukue mfano, ili msikilizaji aliye mbali na vitabu apate kuona kwa macho. Mtu amefariki; wazazi wake walikwisha tangulia; ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa wamebaki ng'ombe 8. Kwa faraidhi, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa aya ya 11 na ya 12, mke hupata thumuni, naye achukue ng'ombe 1. Wamebaki 7. Mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Basi kila kijana achukue 2, na kila binti 1. Hesabu imekwisha, hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuihakiki kwa kokoto. Kwa kanuni za 1963, mama hatoki na hata ndama mmoja ulio wake, kijana mkubwa huwapita wote, na dada hupata pungufu kuliko mdogo wao wa kiume.

Hapa ndipo ugomvi huanzia. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hana budi kwanza kuamua ni sheria ipi itumike, naye huutazama mwenendo wa maisha ya marehemu: alioaje, aliishije, alizikwaje, aliwalea watoto wake katika njia ipi, na je, aliacha neno lo lote la wasia. Na sisi Waislamu tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Wako miongoni mwetu ambao siku ya maziko husimama safu ya kwanza katika sala ya jeneza, na baada ya arobaini husimama mbele ya hakimu wakasema kwamba baba alikuwa Msukuma wa jadi na mirathi yake iende kimila. Wako na wengine, nao ni wajanja zaidi, ambao hutaka sheria ya Kiislamu inapowapa mara mbili ya dada yao, na hutaka mila inapomnyima mama thumuni yake. Mtu wa namna hii hatafuti sheria, anatafuta ng'ombe.

Turudi nyuma kidogo, Madina, mwaka wa tatu wa Hijria, sawa na mwaka 625. Saad bin Rabii, mmoja wa Ansari, aliuawa katika vita vya Uhud. Kaka yake akashika mali yote, kama ilivyokuwa ada ya Waarabu, na mjane na mabinti wawili wakabaki mikono mitupu. Mjane yule hakunyamaza. Aliwachukua mabinti zake akaenda nao kwa Mtume s.a.w. na kumweleza kwamba baba yao ameuawa naye akiwa upande wake, na ami yao amechukua kila kitu, na mabinti wasio na mali hawataolewa. Baada ya kuteremka aya ya mirathi, Mtume alimwita yule ami akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, na mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe chake. Angalieni basi: yule aliyeamriwa kuitoa mali Madina ni kaka wa marehemu, na yule ambaye tangazo la 1963 linamtaja wa kwanza kukabidhiwa mali ni huyo huyo kaka wa marehemu. Kati yao imepita miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu.

Lakini nisije nikawapotosha wasomaji wakadhani kwamba taabu yote ni ya mila dhidi ya dini. Katika mashauri mengi hakuna anayebishania mafungu. Kinachobishaniwa ni kile cheo cha msimamizi, na chanzo chake ni kwamba watu hawakijui.

Kwa sheria, msimamizi ana kazi tatu: akusanye mali ya marehemu pamoja na madeni anayodai, alipe madeni anayodaiwa na gharama, kisha awagawie wenye haki. Kazi hizi zimeandikwa katika jedwali la tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, nazo hazipingani na utaratibu wa vyuoni kwetu, wa mazishi, deni, wasia usiozidi thuluthi, na mwisho mafungu. Kanuni za mwaka 1971 za Mahakama za Mwanzo zinaongeza jambo ambalo laiti lingesomwa katika kila matanga: katika miezi 4 tangu kuteuliwa, au muda zaidi mahakama ikiruhusu, msimamizi apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni katika Fomu Namba 5, na baadaye, kila mahakama itakapotaka, hesabu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichogawiwa katika Fomu Namba 6. Mashauri yanayofunguliwa katika Mahakama Kuu au ya Wilaya yana sheria nyingine, na muda wake ni miezi 6 kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu.

Sasa tazama inavyokuwa. Jamaa hukaa kikao, humchagua kaka mkubwa kwa kuwa anajua kusoma na anaishi karibu na boma, huandika muhtasari, wote hutia saini au dole gumba. Kaka hurudi na hati yenye mhuri. Toka siku hiyo lugha hubadilika. Iliyokuwa “nyumba ya baba” inakuwa “nyumba niliyopewa na mahakama”. Mtumbwi wa dagaa huendelea kushuka majini usiku na karabai zake, na mapato ya kila mwezi hayaandikwi po pote. Shamba hukodishwa. Dada akiuliza, huambiwa kwamba yeye ameolewa, akaulize kwa mumewe. Mama hula kwa hisani ya mwanawe katika nyumba ambayo huenda nusu ya matofali yake aliyabeba yeye. Na sheria zote mbili, ya dini na Sheria ya Ndoa ya 1971, zamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe isiyoingia katika mirathi ya mume. Miezi 4 hupita, hupita miaka, na Fomu Namba 5 haijajazwa. Wadogo zake wakichoka huenda kuomba hati itenguliwe, na sheria huwaruhusu, iwapo hati ilipatikana kwa udanganyifu au msimamizi anatumia mali kinyume cha maslahi ya warithi. Ndipo barua za wito huanza kupita kati ya watu waliokuwa wakitumana chumvi.

Wala haifai kumfanya kaka mkubwa kuwa mwovu wa kila hadithi. Yuko aliyesomesha wadogo zake kwa mshahara wake, akalipa hospitali ya baba, akanunua sanda, na alipotaka kurudishiwa aliitwa mwizi. Kosa lake huyu ni moja tu, kwamba hakuandika. Deni ambalo marehemu alidaiwa na mwanawe ni deni kama la mtu mwingine, na hulipwa kabla ya mafungu. Lakini halina budi lithibitishwe, na aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni.

Tofauti ya kusimamia na kumiliki iliamuliwa katika Uislamu mapema sana, tena baina ya watu wakubwa. Sayyidna Umar bin Khattab, aliyekuwa khalifa kati ya mwaka 634 na 644, aliwakabidhi Sayyidna Ali na ami yake Abbas ile mali ya Bani Nadhir iliyokuwa chini ya Mtume. Mali hiyo haikuwa mirathi, kwa kuwa Mitume hawarithiwi mali na walichoacha ni sadaka. Aliwakabidhi kwa ahadi kwamba wataiendesha kama Mtume alivyokuwa akiiendesha. Baada ya muda wawili wale walihitilafiana, wakaja kwa Umar kushitakiana, na pale palikuwapo Uthman, Abdurrahman bin Auf, Zubeir na Saad, waliomwomba awaamue wawapumzishe. Walitaka kila mmoja apewe sehemu yake aisimamie peke yake. Umar alikataa. Aliwakumbusha ile ahadi, akawaambia kwamba hatatoa hukumu nyingine mpaka Kiyama, na kama wameshindwa wamrudishie mali. Wanazuoni wameeleza sababu ya kukataa kwake: mali ikigawanywa kwa ajili ya kusimamiwa, miaka ikipita watu watadhani iligawanywa kwa kurithiwa. Umar alijua kwamba mkono unaoshika kitu kwa muda mrefu husahau ulikipokea kwa ajili ya nani.

Mahakama zetu nazo zimekuwa na historia yake katika jambo hili, na baadhi yake imeandikwa ng'ambo ya pili ya ghuba. Mwezi Februari 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua rufaa iliyomhusu mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wasia, akaliuza, na mtoto wa ndugu yake akapinga kwa hoja kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliona kwamba kanuni hiyo ya mila inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akampa mwanamke ushindi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha mila yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kumiliki ardhi. Hata hivyo tangazo la 1963 halikuondoka. Mwaka 2005 wajane wawili wa kabila la Wasukuma, walioondolewa katika nyumba zao baada ya shemeji kushika usimamizi, walifikisha shauri Mahakama Kuu. Mahakama ilikiri kwamba kanuni zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta kwa hukumu. Rufaa yao ikaondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema kwamba walidhulumiwa. Miaka hiyo yote ilipita, na watoto wa marehemu waliendelea kukua.

Kwa Muislamu anayekata rufaa kutoka Sengerema lipo bado swali jingine, ambalo hakuna ngazi ya mahakama inayoweza kumjibia. Bibi Umm Salama, mke wa Mtume s.a.w., amesimulia kwamba watu wawili walimjia Mtume wakigombea mirathi ya zamani iliyokuwa imechakaa, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahidi. Kila mmoja alikuwa na dai lake tu. Mtume aliwaeleza kwamba yeye ni binadamu, na huhukumu kwa yale anayoyasikia. Huenda mmoja wao akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe. Basi atakayepewa kwa hukumu hiyo kitu kilicho haki ya nduguye asikichukue, kwa kuwa anakatiwa kipande cha moto.

Wale watu wawili walilia. Kila mmoja akasema: haki yangu nimempa ndugu yangu. Wengi husimulia kisa hiki na kuishia hapo, kwenye machozi, na ni hasara, kwa kuwa Mtume hakuwaachia machozi yawe hukumu. Aliwaambia waende wakagawane, waitafute haki kwa makini katika mgawo wao, wapige kura juu ya mafungu, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe.